Kifusi si kifusi tu?

Wiki ya tatu sasa, saa moja asubuhi inanikuta macho. Ghorofa iliyo mbele ya dirisha langu hapa Rotterdam inabomolewa, na mtambo wa kusaga zege wameuweka palepale uani. Unatafuna kama fisi aliyepata mfupa. Siku moja nikashuka na hasira zangu, nikaishia kusimama kwenye uzio nusu saa nzima, chai ikapoa mkononi.

Maana hawabomoi hovyo. Zilianza kutoka mbao, zikafuata fremu za madirisha, kisha jasi ya kuta ikaenda kwenye kontena lake. Ndipo kijiko kikaingia kwenye zege, huku mtu akimwaga maji vumbi lisipande. Sumaku inanyofoa nondo, upande wa pili zinamwagika kokoto safi, lori linapakia. Uholanzi zaidi ya asilimia 90 ya kifusi cha ujenzi hutumika tena, na sehemu kubwa huenda kulala chini ya barabara.

Najua mnachotaka kusema. "Huyu naye! Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kifusi." Tulieni. Kifusi sisi tunakijua kuliko wao. Dar es Salaam utakuta kibao kiwanjani, KIFUSI KINAHITAJIKA, na namba ya simu chini. Mholanzi gani anaandika hivyo? Na nondo je? Mwaka 2017, nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilipovunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, vijana walikuwa na nyundo juu ya zege kabla vumbi halijatua. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naona kwetu hakuna akili.

Tatizo letu ni kuchambua. Lori letu la kifusi lina zege, lina tope, lina nepi, lina nusu godoro na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Shindilia hicho barabarani uone masika yatakavyokuumbua. Halafu tunasingizia udongo.

Mwingine, huyu atakuwa injinia, ananiambia zege la zamani limegandwa na saruji yenye vitundu, kwa hiyo linakunywa lami. Kweli kabisa, na hawa Waholanzi wanalijua. Ukilichanganya kwenye tabaka la juu la barabara, lami ya kugandisha mawe inabidi iongezwe, nasi lami tunaagiza nje. Ndiyo maana wao zege hulipeleka zaidi kwenye tabaka za chini, na juu, tairi linaposugua, wanataka jiwe gumu. Jiwe ambalo hawana! Nchi yao ni mchanga na mfinyanzi, mawe wanaletewa kwa meli kutoka kwa watu. Sasa nani kasema ni malaika? Ufukara wa mawe ndio uliowatia adabu, na tangu 1997 sheria nayo inakataza kutupa jalalani kifusi kinachofaa kutumika tena.

"Sisi mawe tunayo." Tunayo, ndiyo. Kunduchi akina mama wamezeekea juani wakigonga kokoto kwa nyundo. Na lori kutoka machimbo ya mawe ya Lugoba, mkoani Pwani, linatembea zaidi ya kilomita 100 kuleta kokoto mjini, njiani linapishana na jingine linalobeba zege kwenda kulimwaga bondeni. Hapo ndipo hasira zinanipanda, na hapo ndipo mnaniita mzungu mweusi. Haya, niiteni.

Jana mama kapiga simu. Mvua zimekaribia, njia ya kuingilia kwetu imekatika tena, anaomba hela ya lori mbili za kifusi. Nikamuuliza ni kifusi cha namna gani, kimechambuliwa? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, kifusi si kifusi tu?"

Nimetuma hela ya lori tatu.