Kadinali wa Banggai: wa mwamba upi?

Kila nikisoma kwamba samaki waitwao kadinali wa Banggai wangalipo zaidi ya milioni moja baharini, huwa najiuliza: wa mwamba upi?

Samaki huyu, Pterapogon kauderni kwa jina la kitaalamu, ana urefu wa sentimita 8 hivi. Ana rangi ya fedha, mistari myeusi na madoa meupe. Kwao ni Visiwa vya Banggai, mashariki ya Sulawesi nchini Indonesia. Wafugaji wa samaki wa mapambo wanampenda kwa sura yake. Mimi nimevutwa zaidi na malezi yake.

Dume huyapokea mayai, ambayo hayafiki hata mia, akayaweka kinywani kwa siku 20 hivi, na muda wote huo hali. Yakianguliwa, watoto hubaki humo siku kadhaa zaidi. Siku wanapotoka tayari wana umbo la wazazi wao, na hujificha palepale, katikati ya miiba mirefu ya viumbe wa mviringo wanaokaa sakafuni mwa bahari. Basi hapo ndipo watakapoishi.

Samaki wengi wa matumbawe sivyo walivyo. Vifaranga vyao huchukuliwa na mikondo kwa siku au wiki nyingi, vikatua mbali na vilikoanguliwa, na hivyo damu huchanganyika. Kadinali hana safari hiyo. Watafiti walipopima vinasaba vyake walikuta tofauti zilizo wazi hata kati ya miamba ya kisiwa kimoja iliyoachana kwa kilomita chache tu. Kwa samaki wa baharini hilo ni nadra sana. Kipande cha maji yenye kina kirefu, ambacho samaki mwingine angekivuka bila shida, kwake ni ukuta.

Ndiyo maana ile jumla hainipi faraja. Biashara ya mapambo iliwahi kuvua mamia ya maelfu ya samaki hawa kwa mwaka, na mwaka 2007 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ikamworodhesha kuwa yuko hatarini kutoweka. Mwamba mmoja ukivuliwa ukaisha, hesabu ya jumla hupungua kidogo tu, lakini ukoo mzima umekwenda, pamoja na vinasaba ambavyo pengine havipatikani penginepo. Na jirani aliye kilomita tano hatakuja kuujaza, kwa kuwa hana njia ya kufika.

Kuna wanaosema tuwahamishe tu, tuchukue panapojaa tupeleke palipo tupu. Naelewa nia yao, na pale ambapo hakuna hata mmoja aliyesalia huenda ndiyo njia pekee. Lakini palipobaki hata wachache, kumwaga wageni wengi ni kuufuta ukoo ule ule tuliotaka kuuokoa. Wageni hao wanaweza pia kuja na maradhi. Tazama Mlango-bahari wa Lembeh, kaskazini mwa Sulawesi: kadinali walifika huko kupitia biashara, wakazaana wakawa wengi. Wapo wanaoliona hilo kuwa habari njema kwa spishi. Kwangu si fidia, maana wingi wa Lembeh haurudishi tofauti zilizopotea Banggai.

Mwaka 2018 serikali ya Indonesia iliweka ulinzi wa msimu: asivuliwe Februari na Machi, wala Oktoba na Novemba. Naupongeza kwa moyo wote, kwani unawapa madume nafasi ya kulea. Ila kalenda inaitazama miamba yote kama mmoja. Ningependa kila mwamba uhesabiwe peke yake na uwe na kiwango chake cha uvuvi, na ule uliopungua mno ufungwe mwaka mzima hata kama wa jirani umejaa. Mizigo nayo iandikwe mwamba ilikovuliwa, si "Banggai" tu. Wanaowazalisha matangini wafanye vivyo hivyo, tangu jozi ya kwanza, maana koo zikishachanganywa tangini hakuna atakayeweza kuzitenganisha tena.