Tabakelo isiyojua ugoro

Bibi yangu alitunza ugoro wake kwenye kikopo cheusi cha filamu ya kamera, akakifunga kwenye pindo la kanga. Ndiyo maana nikiona picha ya tabakelo, yaani kichupa cha ugoro, ya laka nyekundu, iliyochongwa milima na vijitu vidogo kama punje za mchele, huwa najiuliza kwanza: nani alinusia humu?

Kwa nyingi za Kijapani, hakuna. Ugoro wa chupani ulikuwa mambo ya China, enzi ya nasaba ya Qing. Wajapani wao walivuta kiseru, kiko chembamba chenye kibakuli kidogo mno. Chupa hizi walizitengeneza zaidi kuanzia enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912, kuwauzia Wazungu wa Ulaya na Marekani. Nguo zenye mifuko zilikuwa zimeingia, na mafundi wa inro na netsuke, vitu vya kuning'inizwa kwenye mshipi wa kimono, vazi la Kijapani lisilo na mifuko, walihitaji soko jipya. Baadhi ya chupa zikapigwa kitakoni mhuri wa Qianlong, mfalme wa China aliyefariki 1799.

Kwa mhuri huo, watu huziita feki. Mimi sikubali. Mhuri ni uongo, sawa, na muuzaji aseme wazi kuwa ni kazi ya Japani. Lakini kazi yenyewe?

Laka ni utomvu wa mti ulio ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Aliyebangua korosho Mtwara anajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole. Utomvu huu nao huwasha mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Fundi anapaka tabaka jembamba, anasubiri likauke (na hukaukia penye unyevu, si juani), anapaka jingine, pengine zaidi ya mia, ndipo anashika kisu.

Feki ni ile ya plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu. Ipapase: kingo za mchongo ni butu, na ubavuni mara nyingi kuna mstari wa maungio. Ya kweli kingo zake ni kali, maana kisu kimepita.

Ukivuta kizibo hutoka na kijiko chembamba, mara nyingi hakijawahi kuchota kitu. Mimi ningepewa moja ningeijaza ugoro siku hiyohiyo. Wakusanyaji wapige kelele, wakichoka watanyamaza.