Kuimba papo kwa papo ni kazi

Asante mwandishi kwa makala kuhusu Wayne Brady, mchekeshaji na mwimbaji wa Marekani. Wengi wanamjua kwa Let's Make a Deal, shindano la zawadi la televisheni analoliongoza tangu 2009. Mimi namheshimu kwa Whose Line Is It Anyway?, kipindi cha vichekesho vya papo kwa papo: anatajiwa jambo lolote, analitungia wimbo palepale! Hapa Mikindani marehemu babu yangu alikuwa hivyohivyo. Siku moja ngomani alionyeshwa pakacha la korosho tu, akamwimba mwenye pakacha, deni lake dukani, mkewe anayesubiri mlangoni, mpaka wapiga ngoma wakashindwa kupiga kwa kucheka. Brady alifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2004, katika igizo la nyimbo liitwalo Chicago. Babu hakupata hata ukumbi. Vijana wa vichekesho Mtwara, tafadhali jifunzeni na kuimba, wazee wachache bado wapo wa kuwafundisha.