Laini Imekata, Seva Haina Habari

Umeme ukikatika kwenye kituo cha kukusanya maziwa huko Muheza, kompyuta ya mizani inazima bila kuaga. Programu ikifungwa kiungwana, TCP (utaratibu unaosafirisha data kati ya kompyuta mbili) hutuma pakiti ya kuaga na pande zote mbili zinajua biashara imekwisha. Umeme ukikatika, au modemu ikipoteza mnara, haagi mtu. Seva ya foleni ya ujumbe (inayopokea vipimo na kuvigawa kwa programu nyingine) iliyoko Tanga mjini inaona kimya tu, na kimya hicho hakitofautiani na cha kituo ambacho hakijaletewa maziwa.

Mafundi wanagawanyika hapo. Wapo wanaosema TCP inajitosheleza: ina uchunguzi wake wa kuuliza kama upande wa pili bado upo, programu inauwasha tu na kazi iliyobaki ni ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Hoja hiyo ina uzito, maana msimbo ukiwa mchache hata makosa hupungua. Lakini tazama tarakimu. Kwa mipangilio inayokuja nayo, Linux hungoja saa 2 za ukimya, kisha hutuma pakiti 9 za kuulizia, moja kila sekunde 75. Hizo ni saa 2 na dakika 11 hivi kabla ya kukata tamaa, wakati maziwa ya asubuhi yameshapozwa na gari limeshaondoka. Tena anayejibu ni mfumo endeshi: programu ya mizani inaweza kuwa imeganda na Linux ikaendelea kujibu kwamba wapo.

Kundi la pili linataka foleni yenyewe ipime mapigo, yaani ujumbe mfupi wa "bado nipo" unaotumwa kila baada ya muda. RabbitMQ, programu ya foleni, siku hizi huanza na muda wa kungoja wa sekunde 60 (zamani ilikuwa 580, sijui nani aliweza kungoja), hutuma pigo kila nusu ya muda huo, na mapigo mawili yakikosekana inafunga muunganisho. MQTT, utaratibu mwepesi wa kutuma ujumbe, humwachia mteja (kifaa kilichounganishwa) achague muda, na seva humvumilia mara moja na nusu ya muda huo.

Wanaopinga hulalamikia bando. Hapo siwaelewi. Pigo la RabbitMQ ni baiti 8. Hata ukiongeza vichwa vya pakiti na majibu ya pande zote mbili, pigo la kila sekunde 30 halimalizi megabaiti 1 kwa siku. Na lina faida ya ziada: mitambo ya kampuni za simu hupenda kusahau laini zilizokaa kimya, nalo pigo huzikumbusha.

Hasara ya kweli ni vifo vya uongo. Weka sekunde 2 kwenye laini ya simu, mvua inyeshe, mtandao uyumbe kidogo: seva inamtangaza marehemu mtu aliye hai. Kituo kilikuwa kimeshatuma lita 12 za mama fulani, uthibitisho haujarudi, muunganisho unafungwa. Kikiunganishwa upya kinatuma tena, na mama anaandikiwa lita 24. Waundaji wa RabbitMQ wenyewe wanaonya dhidi ya kushuka chini ya sekunde 5. Ukirefusha mno nako kuna balaa lake: ujumbe uliokwisha kukabidhiwa kwa msomaji aliyekufa (programu inayosoma foleni) hapewi mwingine mpaka kifo kitangazwe.

Mimi naegemea mapigo: sekunde 10 ndani ya ofisi, 30 au zaidi kwa vituo vya Muheza na Pangani vinavyotegemea modemu. Sharti langu ni kila kipimo kiwe na namba yake ya risiti, ili kikija mara ya pili kitupwe. Bila namba hiyo, ubishi wa sekunde ngapi ni kupoteza muda, kwa sababu hakuna muda unaozuia marudio yote.

Wapo pia waliochoshwa na kumbukumbu za seva zilizojaa taarifa za kukatika, wakaweka 0, yaani mapigo yasiwepo kabisa. Kama wameshusha zile saa 2 za TCP hadi sekunde chache, sina ugomvi nao. Wengi nijuavyo hawajazigusa.