Wimbo wa chuo hautungwi kwa dira na dhima

Tangazo jingine linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: chuo fulani kinatafuta wimbo wake rasmi, zawadi ipo, kazi zipokelewe kabla ya mwisho wa mwezi. Masharti yake sasa. Wimbo ubebe dira, dhima, kaulimbiu na maadili ya msingi ya chuo. Utaje ubunifu, ujasiriamali na maendeleo endelevu. Uwe na hadhi ya kimataifa. Usizidi dakika 5.

Dakika 5! Watu wamesimama juani ndani ya majoho meusi ya poliesta, wazazi wametoka mkoani na basi la usiku, halafu mnawapangia dakika 5 za maadili ya msingi.

Kinachofuata tunakijua sote. Atapatikana mshindi, kwaya itaingia studio, rekodi itawekwa kwenye flashi. Siku ya mahafali, wimbo wa taifa ukishaisha, fundi mitambo atabonyeza, na umati mzima utasimama kimya ukisikiliza spika. Meza kuu watafungua ratiba wajifanye wanasoma. Likifika jina la chuo, wote wataliimba kwa nguvu, kisha kimya tena. Baada ya hapo uongozi utalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uzalendo kwa chuo chao.

Vijana hawana kosa. Wimbo haukutengenezwa uimbwe na mtu.

Hebu twende Ithaca, jimbo la New York, mwaka 1870 hivi. Chuo cha Cornell kilikuwa kimefungua milango 1868, rangi haijakauka vizuri. Wanafunzi wawili waliokaa chumba kimoja, Archibald Weeks na Wilmot Smith, walichukua tuni iliyokuwa tayari midomoni mwa watu wakaitilia maneno ya chuo chao kilicho juu ya ziwa Cayuga. Tuni yenyewe ilikuwa ya wimbo wa sebuleni uitwao "Annie Lisle", wa H. S. Thompson, uliotoka 1857. Unasimulia binti mgonjwa anayekata roho huku maji yakinung'unika. Naam, msiba. Hakuna dira wala dhima humo.

Na tuni hiyo ya msiba ikashika. Ikawashika hata wasiohusika: Kansas wakaibeba 1891, mtunzi wao George Penny akiwa mwenyewe amesoma Cornell; Indiana na Syracuse wakaifuata 1893, Carolina Kaskazini 1897, na vyuo na sekondari nyingine kibao mpaka leo. Ukiwasimamisha wahitimu wa vyuo hivyo uwanja mmoja ukawapigia ala tupu, kila mmoja atalia kwa ajili ya shule yake. Sijui waliotunga sharti la "hadhi ya kimataifa" wanataka nini zaidi ya hapo.

Kwa nini imeshika? Hesabuni mizani, yaani silabi. Ubeti una mishororo ya mizani 8 na 5, 8 na 5, na kiitikio vilevile 8 na 5, 8 na 5. Aliyepita kwenye darasa la ushairi ataona ukwapi (kipande cha kwanza) mrefu na utao (kipande cha pili) mfupi. Mshororo mrefu unajaza pumzi, mfupi unaishia kwenye noti ndefu ambapo watu elfu tatu wanapata nafasi ya kuvuta hewa pamoja. Ubeti na kiitikio kwa mwendo wa kawaida havifiki dakika 1. Mara mbili, mmemaliza, watu wakae.

Sasa chukueni "maendeleo endelevu" mhesabu: ma-e-nde-le-o-e-nde-le-vu. Mizani 9. Haiingii. Kwa hiyo mtunzi ataibana, atameza irabu mbili, na kila atakayeimba atameza irabu tofauti na jirani yake. Kelele mnazozisikia uwanjani mkadhani ni mwangwi wa spika, mara nyingi ndizo hizo.

Hapa nitachelewa kidogo, maana ndipo nyimbo zetu nyingi zinapokufa, na huwa simsikii mtu akilisema. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: eLImu, chuOni, tuNUku. Muziki nao una mapigo mazito na mepesi. Pigo zito likiangukia silabi isiyo na mkazo, neno linageuka kituko. Wanakwaya wanajua: ndiyo maana tenzi kadhaa za kutafsiriwa zinatufanya tuimbe kama wageni waliofika jana.

Tuni ya Cornell inaanza na pigo zito, kisha jepesi, zito, jepesi. Mshororo wa mizani 8 ukienda hivyo, silabi ya 7 ni nzito na ya 8 ni nyepesi, yaani mkazo unaangukia ya pili kutoka mwisho. Ni kama umeshonwa kwa ajili yetu. Tia "chuo chetu cha elimu": CHU-o CHE-tu CHA-e LI-mu. Imelala vizuri, bila mtu kujikunja.

Balaa liko kwenye ule mfupi. Mizani 5 zinazoanza na pigo zito zinamalizikia pigo zito. Kwa Mwingereza ni sherehe, ana maneno tele yanayogonga mwishoni, na jina Cornell lenyewe linagonga mwishoni. Sisi hatuna. Tia "tunakienzi" hapo na mtaimba TU-na KI-e NZI, mbele ya mgeni rasmi, mara nne. Nzi!

Dawa ni rahisi: ile noti ndefu ya mwisho igawe mara mbili, upate nafasi ya mizani 6. "Leo twakienzi": LE-o TWA-ki E-nzi. Mkazo umerudi nyumbani kwake, nzi ameruka zake. Mtunzi anayejua kazi anafanya hivyo kwa dakika 2 na penseli. Asiyejua anaongeza gitaa la solo.

Nisiulizwe "kwani lazima tuazime tuni ya Wamarekani?" Sijasema hivyo. Nasema tuni ya kuazima imeshapita mtihani ambao tuni mpya haijafanya: imeimbwa na watu wasio waimbaji. Harvard wanaimba maneno ya Samuel Gilman ya 1836 kwa tuni ya mapenzi kutoka Ireland. Yale wana wimbo wa Henry Durand wa 1881 uliopandishwa juu ya tuni ya kizalendo ya Wajerumani wa kulinda mto Rhine, wakapigana na Wajerumani hao vita viwili vikuu na tuni wakabaki nayo, na wakifika mwisho wanapunga leso nyeupe hewani. Leso hizo, jamani, zimefanya kazi kuliko tamko lolote la maadili. Mtu anaweza kusahau ubeti wa pili wote lakini hasahau mkono unakwenda wapi.

Wala tusijifanye tuni za kuazima ni mambo ya Wazungu. Wimbo wa taifa wa Kenya umejengwa juu ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Na ndiyo, nakubali kwa shingo upande, uliandaliwa na jopo la watu 5 mwaka 1963. Jopo. Lakini jopo hilo lilikwenda kwa mama anayebembeleza mtoto, halikwenda kwa mpango mkakati. Na "Mungu ibariki Afrika" tunayosimama nayo Tanzania ilitoka kwa Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya ya shule ya misheni kule Johannesburg, 1897. Wimbo wa watoto wa shule na mwalimu wao umezaa nyimbo za mataifa; sisi wenye profesa wa muziki tunashindwa kupata wa mahafali.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuiruka. Tuni ya kuazima inakuja na mizigo yake. Chuo Kikuu cha Texas kinaimba maneno ya John Lang Sinclair juu ya tuni ya wimbo wa kazi ya reli. Uliimbwa mara ya kwanza 1903 Austin, kwenye onyesho ambamo wazungu walijipaka nyuso nyeusi kuwadhihaki Weusi. Mwaka 2020 wanafunzi, wakiwemo wachezaji wa chuo, walitaka uondolewe. Kamati ikachunguza, ripoti ikatoka Machi 2021: ikakiri asili ile ya onyesho, ikasema haikuona nia ya ubaguzi katika maneno. Wimbo ukabaki, na wapo mpaka leo wasioufungulia kinywa. Sawa. Kabla ya kuazima, ulizeni tuni ilikuwa inafanya nini kabla haijafika kwenu. Hilo nawapa.

Na maneno yakichakaa, badilisheni mshororo, msitupe wimbo. Princeton walibadilisha 1987 pale palipotaja wavulana tu, wanawake wakiwa wameshajaa madarasani. Harvard walipoona aibu ya mshororo wa mwisho unaosifu uzao wa Wapuritani, wale Waprotestanti wakali waliohamia Marekani kutoka Uingereza, waliitisha shindano 2017 la mshororo huo mmoja, na 2018 mahali pa uzao zikakaa nyota za angani. Shindano la mshororo mmoja! Hilo ndilo shindano ninaloweza kuliunga mkono.

Sasa ya ufundi, kwa wale ambao tayari wana wimbo na hauimbiki.

Kwanza, teremsheni ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo unaimbiwa. Umati wa kawaida una oktavu moja (do mpaka do ya juu) na noti moja au mbili juu yake, basi. Mwalimu wa kwaya anatunga akimfikiria soprano wake namba moja, anampeleka mpaka G ya juu, na umati unakata tamaa kwenye kiitikio, pale pale ulipotakiwa kupaa. Dalili ni hii: wanaume wanashuka oktavu ghafla, wote pamoja, kama lifti iliyokatika waya. Noti ya juu kabisa isipite D. Kama mnapigiwa na bendi ya polisi au ya magereza, wekeni do kwenye B-flati au E-flati, maana ndiko tarumbeta zao zinakojisikia nyumbani. Mkiwapa E wataipiga, lakini mtaisikia.

Pili, kianzio. Rekodi nyingi zina kianzio cha kinanda chenye mbwembwe, na hakuna anayejua aingie wapi. Robo wanaingia mapema, robo wanachelewa, nusu wanaamua kutoimba. Fanyeni kama wapiga kinanda wa kanisani: kianzio kiwe mshororo wa mwisho wa kiitikio, pumzi moja, ingia. Na msipige rekodi yenye sauti za waimbaji. Mtu akisikia mwimbaji anaimba vizuri, anamsikiliza. Ni adabu tu.

Tatu, ufundisheni. Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, dakika 15, bila karatasi: mwimbishaji anatoa mshororo, umati unarudisha, sauti ya kwanza pekee. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne waachieni kwaya. Chuo kinachowafundisha wanafunzi wimbo asubuhi ya mahafali kimechelewa miaka 3.

Kisha upigwe mara kwa mara, pasipo sherehe. Kule Cornell kuna mnara wa McGraw wenye kengele 21, na mwanafunzi anayezipiga anapanda ngazi 161. Muhula ukiendelea zinapigwa mara tatu kwa siku, na mchana ule wimbo wa Weeks na Smith haukosi. Mtu anausikia akienda kula, akiwa amefeli jaribio, akiwa ameachwa na mpenzi. Kwa miaka minne. Halafu mnashangaa wanalia nao uzeeni. Wanafunzi wao wana hata maneno ya utani juu ya tuni hiyohiyo, kuhusu harufu mbaya inayosemwa inatoka ziwani au chuoni kwenyewe, na uongozi haujamwita mtu kwenye kamati ya nidhamu.

Kengele hatuna, lakini spika za bweni na bwalo zipo, na siku hizi zinapiga matangazo ya kampuni za simu.

Kwa hiyo, waandaaji wa shindano lile: kabla ya kumkabidhi mshindi hundi ya mfano, ile kubwa kama mlango, chukueni wanafunzi 30 wa mwaka wa kwanza wasiojua kwaya, wa uhandisi ikiwezekana. Waimbisheni wimbo mara tatu bila karatasi. Mara ya nne mwimbishaji anyamaze. Wakifika mwisho pamoja, chukueni. Wakikwama kwenye "ujasiriamali", mrudishieni mtunzi, na wale 30 wapeni soda.