Bando la Mwaloni na Bili ya Minneapolis

Kila nikirudi Mwanza, ndugu zangu hawakawii kuniambia: "Ninyi huko intaneti mnatumia bure." Wanasema kwa upendo, nami nimekuwa nikinyamaza kwa sababu maelezo yake ni marefu. Safari hii nayaandika. Nimelipia data pande zote mbili, Tanzania na Marekani, kwa karibu miaka ishirini, na ninachokijua hakifanani na tunachosimuliana.

Niliondoka Kirumba, mtaa wetu wa Mwanza, mwaka 2006 nikiwa na Nokia yenye WAP, yaani intaneti nyepesi ya simu za zamani. Ili ifungue chochote uliomba setingi kwa ujumbe, ukazihifadhi, ukazima simu na kuiwasha tena. Kisha ukafungua ukurasa wa maandishi matupu, ukaangalia salio. Ukurasa mmoja, salio. Picha moja ya ukubwa wa stempu, salio. Kivinjari cha Opera Mini kilipotoka mwaka huohuo tulikithamini kuliko simu yenyewe, maana ukurasa ulibanwa kwanza kwenye mitambo yao, nawe ukaletewa kipande chepesi. Vocha ya kukwangua ikiisha, yameisha. Hakuna aliyekuja kukudai kesho yake.

Vijana wa sasa hawakuiona enzi ile, kwa hiyo niieleze. WAP ya mwanzo kabisa ilikuwa kama kupiga simu: laini inashikwa, unalipia dakika hata kama umekodolea macho mstari uleule. GPRS, njia mpya ya kupitisha data, ilipokuja, ukawa unalipia uzito, yaani KB ngapi zimepita. Ukisoma polepole hulipi zaidi. Hilo lilikuwa jambo la haki. Tatizo likawa kwenye kipimo. Wajapani walitangulia: i-mode, huduma ya intaneti ya simu ya kampuni ya NTT DoCoMo, iliyoanza Februari 1999, ilitoza yeni 0.3 kwa kila pakiti ya baiti 128. Ukisikia hivyo unaona si kitu. Lakini MB 1 ina pakiti 8,192, na hapo umeshafika yeni 2,457 na ushei. Muuzaji akipima kwa kijiko cha chai, mnunuzi hawezi kujua gunia ni shilingi ngapi.

Nilipofika Minneapolis, Marekani, niliulizwa historia yangu ya mikopo. Sikuwa nayo, nilikuwa na wiki tatu tu nchini. Nikawekeshwa amana, nikasaini mkataba wa miaka miwili. Baada ya hapo ndipo nikagundua kwamba kupokea simu kunakula dakika zangu, na ujumbe ukiingia ninatozwa hata kama sijajibu. Sisi tuliokulia mahali ambapo anayepiga ndiye anayelipa tulikuwa na lugha nzima ya kubipu: bipu moja nimefika, mbili nipigie. Mama mdogo akawa ananitumia kila asubuhi "Umeamkaje mwanangu", na kila salamu yake ikaandikwa kwenye bili yangu. Sikuwahi kumwambia.

Data ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mkataba wangu wa kwanza haukuwa na kifurushi cha intaneti, lakini simu ilikuwa na kitufe cha kuifungua katikati kabisa, mahali kidole kinapotua. Bei ilikuwa senti 1 kwa KB, yaani dola 10.24 kwa MB 1. Mwezi wa nne nilifungua barua pepe kwenye simu kuangalia picha za mtoto wa dada yangu aliyezaliwa hospitali ya Bugando. Picha kadhaa tu. Bili ilikuja na dola 87 za ziada, na wakati huo nilikuwa naosha vyombo hotelini. Nilipopiga kuuliza, nikaambiwa kwa adabu nzuri kwamba bei imeandikwa kwenye mkataba. Kweli iliandikwa. Lakini mtu wa Kirumba amezoea kuona pesa zake zikiisha mbele ya macho yake. Kule nilikula kwanza, nikaonyeshwa bei wiki tatu baadaye.

Na sikuwa peke yangu. Oktoba 2010 kampuni nyingine, si hiyo yangu, Verizon Wireless, ilikubaliana na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani kulipa dola milioni 25 kwenye hazina ya serikali na kuwarudishia wateja zaidi ya dola milioni 50, kwa tozo za data ambazo watu hawakuwa wamezitaka. Mamilioni ya watu walitozwa. Kwa hiyo ndugu zangu wanaponiambia ughaibuni hakuna kuibiwa salio, naikumbuka habari hiyo.

Hata kile kinachoitwa bila kikomo hakikudumu kama mnavyodhani. iPhone ya kwanza ilipouzwa mwaka 2007 chini ya kampuni ya simu ya AT&T, mpango wa dola 59.99 kwa mwezi ulikuwa na data bila kikomo. Juni 2010 mlango huo ukafungwa kwa wateja wapya: dola 15 kwa MB 200, au dola 25 kwa GB 2. Gawanya. Wa dola 15 analipa senti 7.5 kwa kila MB. Wa dola 25 analipa kama senti 1.2. Aliyepungukiwa dola 10 analipia MB ileile mara sita. Nilikuwa wa dola 15.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria Mwaloni, soko la samaki na dagaa la kwetu Mwanza.

Mama mdogo anauza dagaa pale Mwaloni, na maisha yake yanakwenda na mwezi wa angani. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inakaa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu. Kwa hiyo kuna wiki za giza ambapo pesa inaingia na hana muda hata wa kunywa chai, na kuna siku za mbalamwezi ambapo ana muda wote na mfuko mtupu. Sasa niambieni, kifurushi gani kilitengenezwa kwa ajili yake? Cha siku anajiunga kwa jero, shilingi mia tano, asubuhi, mizigo inashuka, anatuma picha mbili kwa mteja wa Shinyanga, jioni kimebaki zaidi ya nusu, na kesho alfajiri kimekufa. Cha mwezi ni nafuu kwa kila MB, lakini kinataka pesa nyingi kwa mkupuo, nazo zinahitajika kununulia mzigo. Vipo visivyo na ukomo wa muda, ila ukigawanya bei kwa MB utaona kwa nini anavipita.

Mteja akinunua sado ya dagaa kwake, ile sado ni yake. Akila leo, akila baada ya wiki mbili, mama mdogo hamfuati usiku wa manane kumnyang'anya zilizobaki. Nilimweleza hivyo, akacheka kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Hizo MB nilishazilipia, baba. Zinakwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na bado sina.

Sikatai kwamba gharama za zamani zilikuwa za kweli. Kabla ya mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, kufika Dar es Salaam Julai 2009, data yetu ilipanda hadi setilaiti kilomita kama 36,000 juu na kushuka tena, na Mwanza iko mbali na bahari. Baada ya mkongo kufika, bei ilishuka, na nashukuru. Lakini muda wa kufa kwa kifurushi hautokani na setilaiti wala mkongo. Ni uamuzi wa mtu mezani. Na uamuzi wa mezani unaweza kubadilishwa: tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza, watu walipiga kelele nchi nzima, na utekelezaji ukasitishwa mara moja. Kelele ile ilihusu bei. Natamani tungepiga nyingine ya muda.

Mimi sasa ninalipa kila mwezi kiasi kilekile, kinakatwa benki chenyewe, na bili haijanishtua kwa miaka mingi. Ni kweli, ni raha. Lakini raha hiyo inatokana na kwamba ninapokea mshahara kila wiki mbili, na mpango umekatwa kulingana na mshahara. Kwetu wengi hawapati mshahara. Wanapata giza na mbalamwezi, mavuno na kiangazi, abiria wa bodaboda leo na kesho hakuna. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na makampuni ya simu wakitaka kumfaa mtu huyo, wamwache anunue kidogo kidogo, kama anavyonunua mafuta ya kula ya kupima, kwa bei isiyopishana mara sita na ya mwenye nazo, na alichonunua kikae mpaka akitumie. Senti moja ya msaada sijaiomba hapo.

Juzi nilitaka kumtumia mama mdogo video ya mwanangu akiendesha baiskeli. Nikakumbuka alivyoniagiza: nisitume wakati bando linaelekea kuisha, litamezwa. Kwake saa moja asubuhi, akishajiunga, huku ni saa nne usiku. Mtoto alikuwa ameshalala. Nikakaa na simu mkononi jikoni mpaka saa nne ikafika, nikatuma.