Siwa Ilikuwa Enzi Yenyewe

Kamusi hueleza kuwa siwa ni pembe kubwa ya kupuliza, iliyotumika katika sherehe za watawala wa pwani. Si kosa, lakini kiini kimeachwa nje. Mbiu nayo ni pembe, na ikilia watu hujua kuna jambo. Siwa ilipolia, watu walijua nani mwenye mji. (Ile siwa nyingine, yenye maana ya kisiwa kikubwa, tuiache baharini.)

Asili yake ndiyo inayobishaniwa. Siwa ya Lamu ni ya shaba ya kusubu, imezungushiwa maandishi ya Kiarabu, basi wengi hukimbilia kusema yote haya yametoka ng'ambo. Mimi siafiki. Tazama tundu la kupulizia: halipo nchani, lipo ubavuni. Pembe zinazopulizwa ubavuni ni desturi ya Afrika, kuanzia Kongo hadi kwa Waakan wa Ghana. Na Wareno waliofika Malindi Aprili 1498 pamoja na Vasco da Gama waliandika kuwa msafara wa mfalme ulikuwa na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kama kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Maandishi ni ya Kiarabu, ndiyo. Umbo ni letu.

Unguja pia, Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa hicho, alikuwa na siwa na ngoma zake.

Lakini anayetaka kuelewa neno hili aende Pate, kisiwa jirani na Lamu. Siwa ya huko, ya pembe za ndovu, inazidi mita 2, na ni kazi ya karne ya 17. Historia ya Pate inasimulia kuwa bibi mmoja wa ukoo wa kifalme, Mwana Darini, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya kutahiriwa. Akaomba siwa ya mji. Akanyimwa. Sultani alijua anachokizuia: mtoto aliyepigiwa siwa amekwisha kutangazwa mbele ya mji mzima kuwa ni wa daraja la juu. Mwana Darini hakulia wala hakubembeleza. Alimwita fundi, akamkabidhi pembe za ndovu, na fundi akachonga kwa siri. Siku ya siku siwa mpya ikatolewa, mji ukatoka kuifuata, watu wakiituza.

Hapo ndipo naona enzi ya Waswahili ilivyokuwa. Haikukaa mwilini mwa sultani peke yake. Ilikaa katika chombo, katika mkono wa fundi aliyekichonga, na katika masikio ya watu walioitikia.

Siwa ya Pate na ya Lamu zote zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na nashukuru kuwa zipo. Ila popote zinapooneshwa, zisiitwe "ala za muziki" zikaachwa hapo. Jina la Mwana Darini liandikwe kando ya ile ya Pate, kwa herufi zinazosomeka, pamoja na kile alichonyimwa.